Msimwambie "Jiamini"

(Mhadhara uliotolewa Bagamoyo mbele ya wanafunzi wa sanaa za maonyesho, wazazi wao na wapenzi wa michezo ya kuigiza. Umechapwa kama ulivyosemwa. Yaliyoondolewa ni salamu na marudio tu.)

  

 Nimekubali mwaliko wenu kwa moyo mmoja, ingawa usingizi wa jana ulikuwa wa mang'amung'amu. Nina zaidi ya miaka arubaini katika kazi hii, na bado kila ninapoitwa kusimama mbele ya watu tumbo langu huitisha mkutano wake wa faragha. Mkutano huo umefanyika hata leo, pale nje, chini ya mwembe. (Kicheko.)

Nimeombwa nizungumzie woga na hali ya mwigizaji kujitilia shaka. Kusudi langu ni kulishitaki neno moja, neno tunalowapa vijana bure kama maji ya kunawa: "jiamini". Nitadai kwamba neno hili, hata likisemwa kwa mapenzi, halimsaidii mwigizaji, na mara nyingi humwongezea mzigo. Alikuwa na woga. Ukishamwambia ajiamini, ana woga na ana kosa la kutojiamini juu yake.

Nianze na aibu yangu. Nilikuwa kidato cha tatu. Shule yetu iliigiza Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, juu ya vita vya Maji Maji. Tuliupanua mchezo kidogo ili darasa zima lipate nafasi, nami nikapewa nafasi ya mjumbe anayetoka mbali kuja kuulizia maji. Mistari yangu ilikuwa sita. Niliikariri mpaka mdogo wangu nyumbani akaijua. Usiku wa onyesho bwalo limejaa, karabai zinavuma, nikaingia. Nikamwona mwalimu mkuu mstari wa mbele. Nikaviona viatu vyangu. Nikaanza kusikia ninavyopumua. Mistari yote sita ikaruka kwa pamoja, kama kunguru waliotupiwa jiwe. Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Amesahau!" Bwalo zima likaangua kicheko.

Nilivyotoka pale nitawaambia baadaye. Kesho yake mwalimu aliyetuongoza, mtu mwema kabisa, aliniita kando akaniambia, "Tatizo lako hujiamini." Nikakubali. Miaka miwili sikukanyaga jukwaa, nikingoja kujiamini kuje kwanza, ndipo nipande. Hakukuja. Kungetoka wapi, nami nimekaa nyumbani?

Hoja ya kwanza: woga hushika mwili kabla ya kushika moyo

Mwigizaji akiwa nyuma ya pazia na kusikia watu wakikaa vitini, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo zake humwaga adrenalini katika damu. Moyo hukimbia. Damu hupelekwa kwenye misuli mikubwa, vidole vinapoa. Kazi ya kumeng'enya chakula husimamishwa, ndiyo maana mate yanakauka na tumbo linavuruga. Pumzi hupanda kifuani ikawa fupi. Yote haya yangemfaa sana mtu anayekimbizwa na nyati. Mwigizaji hakimbizwi na kitu; anatakiwa asimame mahali pamoja na aseme, na kazi hiyo inataka pumzi ndefu na ulimi uliolowa. Mwili umempa silaha nzuri za vita vingine.

Ukimwambia mtu aliye katika hali hiyo ajiamini, unazungumza na abiria, si na dereva. Mwambie atoe pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko alioivuta. Hapo unazungumza na mwili, na mwili husikia, kwa sababu kutoa pumzi ndefu hupunguza kasi ya moyo. Mwambie afike ukumbini mapema, alizunguke jukwaa, ajue ubao upi unalia na mlango upi unakwama. Mpe maji.

Wala msimdai atulie. Mwaka 2014 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha matokeo ya majaribio aliyowafanyia watu waliotakiwa kuimba na kuhutubia mbele ya wengine. Katika jaribio la kuimba, waliojisemea kwamba wamechangamka walifanya vizuri kuliko waliojisemea kwamba wana wasiwasi. Moyo ulikuwa ukikimbia kwa wote. Kilichobadilika ni jina walilolipa lile pigo la moyo. Bibi zetu waliokuwa wakicheza ngoma wangemwambia mtafiti huyo hivyo bila jaribio, lakini si vibaya kupata ushahidi.

Hoja ya pili: umaarufu hauuondoi woga

Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Vijana wengi huwaza hivi: nikishapata jina, nikishakuwa steringi, huu mtetemeko utakwisha. Basi mtazameni Laurence Olivier. Uingereza ya karne iliyopita haikuwa na mwigizaji wa jukwaani aliyesifiwa kumpita. Mwaka 1963 akawa mkurugenzi wa kwanza wa National Theatre kule London. Alikuwa na tuzo, alikuwa na cheo cha heshima kutoka kwa mfalme, alikuwa anakaribia miaka 60. Hapo ndipo woga ulipomkamata, na ukakaa naye takribani miaka mitano. Yeye mwenyewe aliandika habari zake katika kitabu alichokitoa mwaka 1982: koo linabana, ukumbi unazunguka, na kila usiku ana hakika kwamba leo ndiyo leo, maneno yatamtoroka.

Alifanya nini? Hakuacha, wala hakungoja. Aliomba msaada, na aliomba mambo madogo ya kushikika. Wakati huo alikuwa akicheza Othello, na Frank Finlay akicheza Iago. Mnaoijua tamthilia ile mnajua Iago ni nani: ndiye anayemmwagia Othello sumu sikioni mpaka anaangamia. Olivier alimwomba Finlay kwamba, wakati yeye amebaki peke yake jukwaani, asiende zake chumbani. Asimame pembeni ya jukwaa mahali anapoonekana. Mbele ya watu Iago alikuwa akimwangusha Othello, na nyuma ya pazia alikuwa ndiye nguzo yake. Baadaye, mwaka 1970, alipocheza Shylock katika tamthilia ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, aliwaomba wenzake wasimtazame machoni. Fikirini mtu wa kimo chake anapita chumba hadi chumba akiwaambia vijana walio chini yake, tafadhali, usiniangalie machoni. Kuna wanaume hapa wangekufa kabla ya kutamka ombi kama hilo.

Wengine hawakuweza kuendelea, na hao nao tusiwacheke. Daniel Day-Lewis mwaka 1989 aliondoka jukwaani katikati ya onyesho la Hamlet, hapo hapo National Theatre, na hajarudi tena kuigiza jukwaani. Akaenda kwenye filamu, akapata Oscar tatu za mwigizaji bora.

Sasa turudi kwetu. Lupita Nyong'o, mtoto wa Kenya aliyezaliwa Mexico na kukulia Nairobi, alicheza Juliet na kundi la Phoenix Players akiwa na miaka 14. Mtu angedhani njia imefunguka. Lakini filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, alikuwa miongoni mwa wasaidizi wa nyuma ya kamera, na kutamka tu kwamba anataka kuwa mwigizaji kulimtia aibu. Alipomweleza Ralph Fiennes, aliyekuwa nyota wa filamu hiyo, jibu halikuwa "jiamini". Aliambiwa afanye kazi hii ikiwa tu hawezi kuishi bila kuifanya. Akaenda kusoma Yale, na Machi 2014 akashika Oscar mkononi.

Je, shaka ilikwisha? Miaka miwili baadaye alimwambia mwandishi wa habari kwamba kila anapopewa nafasi mpya hujiona kama mtu aliyeingia kwa kudanganya na atakayegundulika, na kwamba ile Oscar huenda iliizidisha hali hiyo. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya hali hii mwaka 1978, baada ya kuiona kwa wanawake waliofanikiwa sana: kila sifa wanayopewa wanaihesabu kuwa bahati, au kosa la aliyewasifu. Kwa hiyo sifa hazijazi kikapu hiki. Unazimimina, zinapita chini.

(Mama mmoja hapo mbele ananitikisia kichwa. Mama, sikusema mtoto asisifiwe. Nimesema sifa si dawa ya ugonjwa huu.)

Hoja ya tatu: mwenye woga anajitazama

Hii ndiyo hoja yangu kuu. Wenzetu wa filamu wana misemo miwili inayofaa kuliko vitabu vingi. Wanasema fulani "ameuvaa uhusika", na fulani "anauza sura" tu. Anayeuza sura tunamfikiria kuwa mtu wa majivuno, na mwenye woga tunamfikiria kuwa kinyume chake. Mimi nasema hao wawili ni ndugu wa tumbo moja. Wote wanajitazama. Mmoja anapenda anachokiona, mwingine anakiogopa, lakini macho yao yako mahali pamoja, na mahali penyewe si kwenye kazi. Mimi bwaloni niliviona viatu vyangu. Mjumbe aliyetumwa na watu wake hana nafasi ya kuangalia viatu.

Konstantin Stanislavski wa Urusi, aliyeanzisha Jumba la Sanaa la Moscow pamoja na Nemirovich-Danchenko mwaka 1898, alisumbuliwa na jambo hili maisha yake yote. Mwaka 1906, akiwa ameshakuwa maarufu, alikwenda Finland kupumzika, akakaa akijiuliza kwa nini nafasi alizozicheza kwa uhai hapo mwanzo zimegeuka kuwa mazoea ya mwili tu. Kutokana na maswali hayo ukazaliwa utaratibu ambao mpaka leo unafundishwa. Sehemu yake moja ni duara la uangalifu: mwigizaji huchagua eneo dogo, labda meza na kikombe kilicho juu yake, akaweka humo fikira zake zote, kisha akalipanua duara kidogo kidogo. Upande wa watazamaji ni shimo jeusi linalomvuta. Hapambani nalo. Anajipa kitu kingine cha kutazama.

Katika kitabu chake kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1936 kuna kisa cha mwanafunzi wa kike anayeambiwa atafute pini iliyochomekwa katika mikunjo ya pazia. Msichana anapanda jukwaani, anakimbia huku na huku, anashika kichwa, anajipiga kifua. Anashuka akiwa na furaha tele. Mwalimu anamuuliza, "Pini iko wapi?" Alikuwa ameisahau kabisa! Ndipo anaambiwa arudi, na asipoipata hana nafasi tena shuleni. Sasa anatafuta. Anapapasa mkunjo mmoja mmoja, kimya, uso umebadilika, na wenzake walio chini hawabandui macho. Mara ya pili hakuwa na muda wa kuogopa wala wa kujipenda.

Nenda stendi asubuhi ukamtazame mpigadebe. Anapaza sauti mbele ya mamia ya watu, wengine wanamtukana, na hana habari. Mwite huyo huyo aseme maneno mawili harusini, atatafuta pa kujificha. Kule stendi ana basi la kujaza. Harusini amepewa nafsi yake tu aionyeshe.

Na hapa nitalipa deni langu la mwanzo. Nilivyosimama kama gogo pale bwaloni, mwenzangu aliyecheza mzee wa kijiji alinisogelea, akaweka mkono begani pangu, akaniuliza swali ambalo Ebrahim Hussein hakuliandika: "Ndugu, umetoka mbali. Watu wa kwenu wamekutuma useme nini?" Nikakumbuka kwamba nimetumwa. Katika mistari sita ikarudi minne, na ilitosha. Bwalo likanyamaza. Yule kijana hakuigiza tena baada ya shule. Ni fundi cherehani, na mpaka leo namhesabu kuwa mwalimu wangu wa kwanza wa uigizaji. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba tiba niliipata usiku ule ule, na kesho yake nikapewa ugonjwa.

Hoja ya nne: shaka nyingine si ya mwigizaji

Nasema hili kwa uchungu. Kijana anapigiwa simu usiku, lokesheni ni kesho alfajiri. Anafika, skripti anapewa akiwa anapakwa poda. Mazoezi hakuna. Filamu nzima ipigwe kwa siku chache kwa sababu kamera imekodiwa. Anaharibu sini, anafokewa mbele ya watu, anarudi nyumbani akisema, "Nadhani sina kipaji." Kipaji kimeingiaje hapo? Mtu huyu amenyimwa zana za kazi, kisha akafundishwa kuita upungufu wa zana upungufu wa nafsi. Wasichana nao wanakutana na ile rushwa tunayoijua wote. Akiikataa na kukosa nafasi, anaondoka akijiuliza kasoro yake ni nini. Hana kasoro. Na nyumbani anasubiriwa na mjomba wa kumwambia kwamba uigizaji ni uhuni.

Wengi wa waliong'ara katika filamu zetu, marehemu Steven Kanumba akiwa mmoja wao, walipitia vikundi vya maigizo kama Kaole kabla ya kuwa majina makubwa. Kikundi kina kelele zake na fitina zake, najua, nimekaa humo. Lakini kikundi kina mazoezi, na kina mtu wa kusimama pembeni ukamwona.

Mfano mkubwa kuliko wote niujuao uko Limuru, Kenya, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa pale waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wengi hawakuwahi kupanda jukwaa. Jukwaa lenyewe walilijenga kwa mikono yao, mahali pa wazi, pa kukaa watu zaidi ya 2,000. Na mazoezi yalifanywa hadharani. Mpita njia alisimama akatazama. Asiyeridhika na namna mzee anavyotembea alisema, naye mzee akajaribu upya. Siku ya kufungua, Oktoba 2, hadhira haikuwa umati wa wageni waliokuja kuhukumu. Walikuwa watu walioshiriki kuutengeneza mchezo, na wengine wanajua mistari. Utamwogopaje mtu aliyekukosoa Jumanne ukarekebisha Jumatano? Novemba 16 kibali cha maonyesho kikafutwa, na siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Waigizaji walikuwa wameshavuka woga wao. Walioogopa walikuwa wengine.

Ndugu mwenyekiti, unaitazama saa, nami nimekuona.

Yaliyo mbele yetu ni haya. Walimu, mtoto akitetemeka, msimpime kiasi cha kujiamini kwake. Muulizeni ametumwa kusema nini, na kwa nani. Watayarishaji wa filamu, skripti itoke wiki moja kabla, na siku mbili za mazoezi ziandikwe kwenye mkataba kama inavyoandikwa nauli. Wazazi, msingoje onyesho. Njooni kwenye mazoezi, mwaone watoto wenu wakikosea.

Kwa sababu hiyo mwaka huu tutaigiza Kinjeketile, na mazoezi yote yatakuwa ya wazi. Nimeichagua makusudi. Kinjeketile wa Hussein ni mtu ambaye neno limemtoka, watu wamelichukua wakaenda nalo, na yeye mwenyewe hana hakika nalo. Kijana atakayeicheza nafasi hiyo akiwa amejaa uhakika ataiharibu. Nataka anayetilia shaka, ajue pa kuiweka shaka yake.

Nami nimepewa nafasi ya mzee mwenye mistari minne. Nimeshaanza kuogopa. Tunaanza Jumatano, saa kumi jioni, pale pale chini ya mwembe. Viti hakuna, njooni na mikeka.